Bomba Jipya Lataka Kipimo Kipya cha Mafuta

Pikipiki siku hizi ni mali ya nyumba, kama ng'ombe wa maziwa. Yapeleka mgonjwa zahanati, yachukua magunia sokoni, tena yaleta ada ya shule. Kwa hiyo jambo lolote linalogusa injini yake lagusa pia chungu cha jikoni.

Tuseme kijana wako ataka kuondoa bomba la moshi lililotoka kiwandani, afunge jingine lenye kung'aa na sauti nene. Akuambia ya kwamba litaongeza nguvu. Je, asema kweli? Usimcheke. Neno lake lina ukweli, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni mafuta. Kama injini yake haina kabureta, basi akibadili bomba hana budi kupimiwa mafuta upya. Tutazame sababu yake.

Kabureta na nozeli

Pikipiki nyingi za vijijini kwetu bado zina kabureta. Humo petroli hunyonywa na hewa ipitayo, na kipimo chake ni kitundu cha shaba kiitwacho jeti. Fundi akitaka kuzidisha petroli, aweka jeti yenye tundu kubwa zaidi.

Pikipiki nyingine hazina kabureta. Pampu ya umeme huisukuma petroli kutoka tangi mpaka kwenye nozeli, nayo nozeli huipuliza kama ukungu mwembamba. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilitoa pikipiki yake K100 yenye kupuliza namna hiyo mwaka 1983. Siku hizi hata pikipiki ndogo zimefuata, maana sheria za moshi zimekazwa. Kule India sheria iitwayo BS6 ilianza tarehe 1 Aprili 2020, na kwa ajili yake viwanda vya huko viliacha kabureta katika pikipiki nyingi zinazouzwa nchini humo.

Anayefungua na kufunga nozeli ni kompyuta ndogo iliyofichwa chini ya kiti au ubavuni. Injini ya silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, nozeli hufunguka mara 50 katika sekunde moja! Kila mara hufunguka kwa muda mfupi mno, sehemu chache tu za elfu za sekunde. Muda ukizidi, petroli yazidi. Muda ukipungua, petroli yapungua.

Unga na maji

Kila mama ajua ya kuwa ugali mzuri wataka unga na maji kwa kipimo. Maji yakizidi, wapata uji. Injini nayo ina kipimo chake. Ili petroli kilo 1 iungue yote sawasawa, yataka hewa kilo 14.7 hivi. Injini ikivuta mzigo kwa nguvu zake zote, yapenda petroli zaidi kidogo, yaani kilo 1 kwa hewa kilo 13 hivi.

Petroli ikizidi mno, moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi, na fedha zako zatoka kwa njia ya bomba. Hewa ikizidi mno, injini hukohoa na kukosa nguvu. Ikipandishwa mlima na mzigo katika hali hiyo kila siku, joto lazidi, na mwisho wake valvu au pistoni huweza kuungua.

Sasa, bomba lililo wazi zaidi huutoa moshi kwa wepesi. Moshi ukitoka upesi, hewa mpya yaweza kuingia kwa wingi katika silinda. Hapo ndipo nguvu inapotoka. Lakini hewa imeongezeka, je, petroli imeongezwa na nani?

Kompyuta haioni bomba

Kompyuta ya pikipiki haipimi hewa yenyewe. Hukisia tu kwa msaada wa vyombo vidogo ambavyo mafundi wanaviita sensa. Sensa hizo zaiambia injini yazunguka kwa mwendo gani, mkono wa mafuta umevutwa kiasi gani, na joto la hewa na la injini ni kiasi gani. Halafu kompyuta hutazama katika daftari lake lililoandikwa kiwandani, na kufungua nozeli kama lilivyoagiza. Daftari hilo liliandikwa kwa bomba la kiwandani. Kompyuta ni kama mpishi asiyeona: apima unga kwa hesabu ya jana, asijue ya kuwa mtu amezidisha maji sufuriani.

Wengine husema, "Kompyuta itajirekebisha yenyewe." Sivyo kabisa. Ni kweli kwamba pikipiki nyingi za namna hii zina sensa ya oksijeni, iliyofungwa katika bomba la moshi. Sensa hiyo ikisha kupata moto, huieleza kompyuta kama petroli imepungua au imezidi. Lakini katika pikipiki nyingi kompyuta huisikiliza wakati wa mwendo wa taratibu tu. Ukivuta mafuta mpaka mwisho, kompyuta huiacha sensa na kufuata daftari. Basi pale penye hatari zaidi, ndipo isipojirekebisha.

Kama umebadili kipande cha mwisho tu cha bomba, tofauti pengine ni ndogo, na sensa yaweza kuisawazisha. Lakini kama bomba zima limebadilishwa, au chujio la hewa nalo limefunguliwa, usithubutu kuendesha kazi bila kupima.

Kazi ya fundi

Fundi mwema hufuata utaratibu huu. Usione haya kumwuliza kama ameufuata.

Kwanza, ahakikishe injini ni nzima: chujio la hewa safi, plagi nzuri, betri yenye nguvu, valvu zimepimwa. Kurekebisha mafuta ya injini mgonjwa ni kazi bure.

Pili, afunge bomba kwa gasketi mpya, na kuhakikisha hakuna upenyo mahali linapoungana na injini. Upenyo huingiza hewa ya nje, na sensa hudanganyika ikadhani petroli ni chache. Kompyuta nayo huongeza petroli bure. Alama ya masizi meusi penye maungio ni shahidi wa upenyo, na milipuko midogo unapoachia mafuta mara nyingi hutoka hapo.

Tatu, airudishe sensa ya oksijeni mahali pake. Bomba lisilo na tundu la sensa hiyo halikufai. Asikate waya wala kuuacha unaning'inia.

Nne, apime. Mafundi wenye vyombo huiweka pikipiki juu ya gurudumu zito la chuma, huiendesha papo hapo, na kutia chombo cha kupimia katika moshi. Chombo hicho huonyesha kwa tarakimu hewa ni kiasi gani kwa petroli, mafuta yakivutwa kidogo, nusu, na mpaka mwisho. Kutazama rangi ya plagi kwasaidia, lakini hakutoshi.

Tano, asahihishe daftari. Kuna njia mbili: kuandika upya ndani ya kompyuta yenyewe, au kufunga kisanduku kati ya kompyuta na nozeli ambacho hurefusha au kufupisha muda wa kupuliza. Huongeza kidogo kidogo, asilimia chache mahali panapohitaji, halafu hupima tena. Maandishi ya kwanza ayahifadhi, ili yaweze kurudishwa.

Sita, pikipiki ijaribiwe njiani, kwenye mlima na mzigo wa kawaida. Taa ya injini ikiwaka na kubaki inawaka, kazi haijaisha.

Vya bei rahisi

Jihadhari na kitu kidogo kiuzwacho kwa jina la chipu ya nguvu. Mara nyingi ndani yake mna kipande kimoja tu cha umeme, chenye kuidanganya kompyuta kwamba hewa ni ya baridi. Hewa ya baridi ni nzito, basi kompyuta huongeza petroli. Lakini huongeza kila mahali, panapohitaji na pasipohitaji. Huko ni kumwaga unga, si kupika.

Jambo jingine ni kelele. Debe tupu haliachi kuvuma, na sauti kubwa si alama ya nguvu. Tena katika injini ndogo, bomba lililo wazi mno mara nyingi hupunguza nguvu za mwendo wa chini, ndizo zile zinazotakiwa na mtu mwenye abiria na gunia mlimani. Wataalamu wa afya ya kazini wasema sauti ya desibeli 85 isisikilizwe zaidi ya saa 8 kwa siku, na ya desibeli 100 isizidi dakika 15. Mwendeshaji akaa juu ya sauti hiyo mchana kutwa. Masikio yakiharibika kwa kelele hayarudi, na hakuna fundi wa kuyabadilisha.

Kumbuka pia kwamba mabomba mengi ya kiwandani yana ndani yake kisafisha moshi, kipunguzacho sumu. Ukikitoa, watu wa nyumbani mwako ndio watakaovuta sumu hiyo kila pikipiki inapowashwa uani.

Kabla ya kununua

Basi fanyeni hesabu pamoja, mzazi na kijana. Andikeni bei ya bomba, na chini yake bei ya kupimiwa mafuta, na nauli ya kumfikia fundi mwenye vyombo. Ulizeni: Bomba hili lina tundu la sensa? Lilitengenezwa kwa pikipiki ya aina hii? Nani atakayepima, na kwa chombo gani?

Majibu yakipatikana na fedha zikitosha, fungeni bomba, na pikipiki itafanya kazi vyema. Yasipopatikana, bomba la kiwandani ni jema. Lilipimwa pamoja na injini yake, nalo halikudai senti nyingine.