Kuainisha si Kuficha: Maneno ya Mpangilio na ya Siri katika Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa maneno yanayowatatiza wanafunzi wa tafsiri ni neno la Kiingereza 'classified'. Neno hili hubeba maana mbili: kitu kilichowekwa katika kundi lake, na taarifa ambayo serikali imeizuia isisomwe na kila mtu. Mfasiri mwenye haraka huukumbuka mzizi wa neno, akachagua kitenzi ainisha, kisha akaandika 'taarifa zilizoainishwa' pale palipohitajika 'taarifa za siri'. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba Kiswahili kimezitenganisha dhana hizi mbili, na kwamba anayezichanganya humnyima msomaji jambo analostahili kulijua. Mifano miwili itatuongoza: visukuku vya kisiwa cha Rusinga, Kaunti ya Homa Bay, na majalada ya serikali ya kikoloni ya Kenya.

Maneno ya kupanga

Kitenzi ainisha kimeundwa kutokana na nomino aina, yenye asili ya Kiarabu. Kuainisha ni kuviweka vitu katika aina zake kwa kufuata kigezo maalumu. Ndiyo maana twasema kuainisha nomino katika ngeli, au kuainisha mimea na wanyama. Kitenzi hiki kisichanganywe na bainisha, ambacho maana yake ni kuliweka jambo bayana. Aliyeainisha amepanga, aliyebainisha amedhihirisha.

Aidha, kuna maneno ya kila siku yenye kazi inayokaribiana na hiyo. Samaki wanapofikishwa ufuoni Rusinga, mbuta hutengwa na ngege, na omena wakachambuliwa kuondoa takataka. Kutenga ni kuweka mbali; kuchambua ni kupitia kimoja kimoja na kuondoa kisichofaa; kupambanua ni kuona tofauti kati ya vitu vinavyofanana. Kubagua nako ni kutenganisha, ila kwa matumizi ya sasa kitenzi hiki kimeelemea upande wa dhuluma, kama katika ubaguzi wa rangi. Katika orodha hii yote, hakuna neno ambalo kwa maana yake ya msingi humaanisha kuficha.

Uainishaji wa wazi: mfano wa Rusinga

Rusinga yatupa mfano bora wa uainishaji. Mwaka 1948 Mary Leakey aligundua kisiwani humo fuvu la kiumbe wa jamii ya nyani wasio na mkia, aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita. Fuvu hilo liliwekwa katika jenasi ya Proconsul, jina lililokuwa limetolewa mwaka 1933 kwa visukuku vya Koru. Mwaka 1993 spishi mojawapo ya Rusinga iliitwa heseloni, kwa heshima ya Heselon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi kwa miaka mingi pamoja na akina Leakey. Mwaka 2015 wataalamu walipambanua upya visukuku hivyo, wakaona kwamba vile vya Rusinga vinatofautiana na vya Koru na Songhor kiasi cha kustahili jenasi yake. Wakaiita Ekembo, kwa neno la Kisuba litajalo nyani wa aina hiyo. Kisuba ni lugha ya Kibantu, nduguye Kiswahili, ambayo kisiwani humo imezidiwa nguvu na Dholuo.

Jambo la kuzingatia ni kwamba uainishaji huo ulifanyika hadharani. Vigezo vilitajwa, sababu zikachapishwa, na yeyote mwenye ujuzi aweza kuzipinga. Huko ndiko kuainisha kwa maana yake kamili.

Maneno ya kuficha

Upande wa pili, neno kuu ni siri, kutokana na Kiarabu. Kwalo tumepata usiri, yaani hali ya kuwa siri, na msiri, yaani mtu anayeaminiwa siri. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata: siri ina mwenyewe, na ina aliye karibu nayo. Sitiri, japo linasikika kama jamaa yake, lina mzizi mwingine. Hilo ni kufunika kwa ajili ya heshima. Faragha ni haki ya mtu binafsi kutoingiliwa mambo yake. Nyeti ni sifa ya jambo linaloweza kuleta madhara likishikwa vibaya. Taarifa yaweza kuwa nyeti bila ya kuwa siri.

Vitenzi vilivyokutana katika jalada moja

Hata hivyo, yako mazingira ambamo kupanga na kuficha hukutana. Mwaka 1961 Iain Macleod, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliagiza kwamba serikali mpya za nchi zitakazopata uhuru zisikabidhiwe karatasi ambazo zingeiaibisha serikali yake. Nchini Kenya majalada yakagawanywa mafungu mawili: ya kurithishwa serikali mpya, na ya kuangaliwa kwa hadhari. Fungu hili la pili liliruhusiwa kushikwa tu na raia wa Uingereza mwenye asili ya Ulaya. Mengine yalichomwa, mengine yakasafirishwa hadi Uingereza. Kuwapo kwake kulikubaliwa na serikali hiyo mwaka 2011, wakati wazee wa Kenya walipokuwa mahakamani London wakidai fidia kwa mateso ya enzi ya Mau Mau. Mwezi Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wadai 5,228.

Kwa Kiingereza, yote hayo yaweza kuelezwa kwa kitenzi kimoja. Kiswahili chatudai vitatu: majalada yaliainishwa, yakafichwa, na wasomaji wake wakabaguliwa. Tukiandika 'yaliainishwa' pekee, tumeripoti kazi ya karani na kunyamazia tendo la mtawala.

Hitimisho

Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 imeeleza namna ya kuitekeleza na mipaka yake. Raia anayeambiwa kwamba taarifa 'zimeainishwa' atadhani zimepangwa vizuri rafuni zikimsubiri. Akiambiwa ni 'za siri', atajua mlango umefungwa, naye aweza kuuliza umefungwa na nani, na kwa sheria ipi.

Kwa hiyo twapendekeza 'taarifa za siri' kwa zilizozuiwa, na 'viwango vya usiri' kwa ngazi zake. Kwa zilizofunguliwa kisheria, 'kuondolewa usiri' kwafaa kuliko 'kufichuliwa'. Ni kweli kwamba fichua ni kinyume cha ficha, kama fungua kilivyo kwa funga. Lakini kufichua hudokeza kwamba mwenye siri hakupenda. Ainisha na kiachiwe kazi yake ya kupanga nomino, samaki na visukuku.