Sangara, Rula na Lugha Isiyosema Kila Kitu

Kwa miaka mingi kanuni za uvuvi katika Ziwa Victoria zilimtambua sangara halali kwa vipimo viwili: asipungue sentimita 50, wala asizidi 85. Nia yake ilikuwa mdogo apate nafasi ya kuzaa, na mkubwa, ambaye mara nyingi ni jike mwenye mayai mengi, abaki ziwani. Afisa uvuvi kwenye mwalo wa Kirumba, Mwanza, aliweza kuitekeleza kwa rula tu. Mwanahisabati akiitazama kanuni hiyo anaona fomula fupi yenye nafasi mbili za kujazwa namba, na samaki wanaopita humo kwake ni seti inayofafanulika. Nadharia ya modeli, ambayo ni tawi la mantiki, huichunguza lugha ya namna hiyo na kuuliza inaweza kufafanua seti zipi na zipi zinaishinda. Hoja yangu ni kwamba kushindwa huko kuna faida kubwa: lugha inayoweza kukata seti ya kila umbo haimruhusu mtu kujifunza chochote kutokana na mifano.

Chukua sangara watatu, wa sentimita 45, 60 na 90. Ukizibadili namba mbili za kanuni utakavyo, utaweza kumchagua wa kati peke yake, au wawili wa mwanzo, au wote, au usimchague hata mmoja. Utakachoshindwa ni kuwachukua wa 45 na wa 90 ukamwacha wa 60. Hukumu juu ya wawili wa pembeni imekwisha kumfunga wa katikati. Kwa samaki 20 wenye urefu tofauti, kanuni ya aina hii ina namna 211 tu za kuchagua, ilhali makundi yote yanayowezekana ni 1,048,576. Mwaka 1972 Norbert Sauer na Saharon Shelah, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha uthibitisho kwamba hapa hakuna njia ya kati. Ama fomula inakata kila kundi, hata vitu viongezeke kiasi gani, ama idadi ya namna zake inakua taratibu, haipiti kipeo fulani kisichobadilika cha idadi ya vitu. Nadharia ambayo fomula zake zote ziko upande huu wa pili huitwa nadharia tegemezi.

Upande wa kwanza nao si wa kubuni, kwani namba nzima zenye kujumlisha na kuzidisha zinaishi huko. Tuseme kila mtumbwi umepewa namba tasa yake, na kibali cha siku ni namba moja tu: mtumbwi unaruhusiwa kuingia ziwani ikiwa namba yake inakigawanya kibali bila baki. Mtoa vibali akitaka kuruhusu kundi lolote, anazidisha namba za mitumbwi ya kundi hilo, basi. Anayetazama ufukweni, hata akiona mitumbwi mia ikiruhusiwa au kukataliwa, hana dalili yoyote kuhusu wa mia na moja. Lugha yenye nguvu kiasi hiki imemnyima msingi wa kukisia.

Shelah aliitenga tofauti hii mwaka 1971 akiwa katika shughuli za mantiki tupu. Mwaka huohuo Vladimir Vapnik na Alexey Chervonenkis, wanahisabati wa Moscow, walichapisha kazi kuhusu lini mifano michache inatosha kukadiria jambo zima, nao wakafikia mpaka uleule. Ilipita miaka ipatayo ishirini kabla ya Michael Laskowski kuonyesha, mwaka 1992, kwamba kumbe pande zote mbili zilikuwa zikizungumzia kitu kimoja. Leo mpaka huo umo katika misingi ya nadharia ya mashine zinazojifunza.

Atasema mtu: maisha ya ziwa hayaishii kwenye rula, na lugha ya vipimo viwili ni butu mno. Ni kweli, lakini utegemezi hauvunjiki kirahisi hivyo. Ukiunganisha fomula tegemezi kwa "na", "au" na "si", zao lake linabaki tegemezi. Alfred Tarski alionyesha kwamba katika namba halisi zenye kujumlisha, kuzidisha na kulinganisha, kila seti ya mstari inayofafanulika ni vipande vichache vya mstari pamoja na nukta chache, na hilo linatosha kuulinda utegemezi. Mwaka 1996 Alex Wilkie akachapisha uthibitisho kwamba hata ukiongeza kipeo cha namba e, hali hiyo haibadiliki. Nyongeza hiyo inamhusu mtaalamu wa samaki moja kwa moja, kwa sababu mchoro wa ukuaji anaoutumia mara nyingi, ule wa von Bertalanffy, umejengwa juu ya kipeo hicho: samaki hukua mbio mwanzoni, kisha hupunguza mwendo akikaribia urefu wake wa mwisho.

Mashaka yanaanza mtaalamu huyo anapotaka kuingiza majira, maana ukuaji unaopanda na kushuka kila mwaka huandikwa kwa saini, ile ya pembetatu. Saini ikiachiwa mstari wote usio na mwisho, inagusa sifuri kwa hatua zilizo sawa milele. Hapo umekwisha kufafanua namba nzima, na zimeingia na fujo yake yote ya kuzidisha. Ikifungiwa ndani ya kipindi chenye mwanzo na mwisho, utegemezi unasalimika. Kwa kuwa hakuna sangara anayeishi milele, mtafiti hapotezi kitu kwa kuifungia.

Pingamizi lililo zito zaidi linatoka mwaloni kwenyewe. Ahadi ya Vapnik na Chervonenkis inashika pale tu ambapo mifano imetoka kwa bahati nasibu ileile inayoongoza samaki wanaokisiwa. Samaki waliopangwa Kirumba wamekwisha chujwa na macho ya nyavu, na aliyepitiliza wavu hafiki mezani. Utegemezi wa fomula hauponyi upungufu huo. Ndiyo maana taasisi za utafiti wa uvuvi za Tanzania, Kenya na Uganda huingia ziwani na meli, hutupa nyavu zao na kupima samaki kwa mwangwi wa sauti, badala ya kutegemea kilichofika sokoni.