Kusafiri mashariki ya Congo: kila hatari ya asili ina saa yake

Ziwa Kivu la asubuhi si lile la alasiri. Mazuku ya Goma huua zaidi kabla jua halijapanda. Radi ya Kabare mara nyingi huanza mchana kuelekea jioni, na kiboko wa Vitshumbi hutoka majini giza linapoingia. Kwa mtu anayesafiri mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuuliza njia peke yake hakutoshi. Ni lazima aulize pia saa.

Vitabu vya utalii huandikwa kwa ajili ya mgeni anayekuja kuona gorila na volkano. Lakini wanaosafiri zaidi katika mazingira haya ni wenyeji: mama anayepeleka mihogo na ndizi Goma kutoka Minova, mwanafunzi anayeshuka kutoka Bukavu kwenda Uvira, motari anayevuka mto kila siku, familia inayokimbia vita na kulala mahali isipopajua. Hao ndio wanaohitaji mashauri ya safari kuliko wote.

Kuna jambo linalotangulia yote: hali ya usalama. Njia iliyopitika wiki iliyopita inaweza kufungwa leo, na hifadhi za wanyama hufunga na kufungua milango kufuatana na hali hiyo. Kabla ya kulipa nauli, msafiri aulize kwanza watu waliopita njia hiyo siku hizi. Baada ya hapo, asili nayo ina maswali yake.

Misimu miwili, hali za hewa nyingi

Katika Kivu, kiangazi huanza mwezi wa sita hadi mwezi wa nane. Mvua hurudi mwezi wa tisa na kuendelea hadi mwezi wa tano, ikipungua kidogo mwanzoni mwa mwaka. Huzidi nguvu karibu na mwezi wa kumi na wa kumi na moja, kisha tena kuanzia mwezi wa tatu. Hicho ndicho kipindi ambacho barabara za udongo, kama zile za kwenda Shabunda au Walikale, humeza magurudumu ya malori na safari ya siku moja hugeuka ya wiki nzima.

Lakini msimu peke yake hausemi kila kitu, kwa sababu nchi hii inapanda na kushuka sana. Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, iko chini ya mita 800 juu ya usawa wa bahari na joto lake ni kali. Bukavu iko karibu mita 1500. Lubero iko juu zaidi, na usiku baridi yake huwashangaza wanaotoka bondeni. Anayetoka milimani kwenda Uvira, Fizi au Shabunda asisahau chandarua: mbu anayeleta malaria huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, na mtu aliyekulia penye baridi hana mazoea makubwa na ugonjwa huo.

Idara ya taifa ya hali ya hewa, METTELSAT, hutoa utabiri, na simu nyingi huonyesha picha ya wingu au jua. Utabiri huo unafaa kusomwa, ila unazungumzia eneo pana. Hauoni bonde moja lenye mto wake. Mkaaji wa hapo ndiye anayejua wingu la upande gani huleta mvua.

Ziwani: asubuhi ni ya msafiri

Ziwa Kivu liko mita karibu 1460 juu ya bahari, likiwa limezungukwa na milima. Jua linapopasha moto milima hiyo, upepo huanza kuvuma. Maji yaliyokuwa tulivu saa moja asubuhi yanaweza kuwa na mawimbi saa tisa alasiri. Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki huongezeka nguvu, kwa hiyo anga jeupe la mwezi wa saba si ahadi ya ziwa tulivu. Wakati wa mvua, dhoruba huweza kushuka kutoka milimani kwa muda mfupi sana.

Safari ya mtumbwi wa injini basi ianze mapema, na ipangwe ili ifike kabla ya giza. Usiku, chombo kinachozama huzama bila mashahidi.

Hata hivyo, si upepo peke yake unaoua. Mwezi wa nne 2019, mtumbwi ulizama karibu na Kalehe, na Rais Félix Tshisekedi alitangaza kwamba watu wapatao 150 hawajulikani walipo. Baada ya ajali hiyo, aliagiza kila msafiri wa ziwani avae jile ya kuokoa maisha. Tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, chombo kilichotoka Minova kikiwa kimejaa kupita kiasi kilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa ukingoni. Makumi ya watu walikufa. Vita vilikuwa vimefunga barabara, na watu wengi walikuwa wamebaki na njia moja tu, ile ya maji.

Kwa hiyo mambo matatu hukaguliwa kabla ya kupanda. La kwanza, jile: iwepo kwa kila mtu, ifungwe mwilini tangu bandarini, isibaki imefungiwa sandukuni. La pili, jina la msafiri liandikwe kwenye orodha, kwa sababu bila orodha hakuna anayejua idadi ya wanaotafutwa. La tatu, ukingo wa chombo: ukiwa umekaribiana na maji kabla hata ya kuondoka, safari hiyo iachwe.

Mazuku: usiku na alfajiri, penye bonde

Neno hili ni la wenyeji wa Goma, na wanasayansi wa nchi nyingine wamelichukua jinsi lilivyo. Mazuku ni gesi ya kaboniki inayotoka ardhini kwenye eneo la volkano. Haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa, ndiyo maana hutuama penye mashimo na mabonde, hasa magharibi ya Goma kuelekea Sake, pande za Bulengo na Lac Vert. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa mdogo, hujaa kama maji ndani ya beseni. Jua na upepo wa mchana huipunguza, bila kuimaliza.

Kwa sababu hukaa chini, mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama mahali ambapo mtoto au mbuzi anaanguka. Dalili zake huonekana kwa macho: wadudu, panya au ndege waliokufa bila kidonda, majani yaliyokauka katika shimo wakati ya pembeni ni mabichi, moto unaozimika ukishushwa chini. Pengine kuna kibao cha onyo. Msafiri asilale penye bonde katika maeneo hayo, asiiname kutafuta kitu shimoni, na asimtume mtoto kuokota kuni humo.

Kanuni ngumu kuliko zote ni hii: mtu akianguka ndani ya mazuku, mwenzake asishuke mbio kumfuata. Mwokoaji akivuta pumzi humo, naye huanguka, na familia huzika wawili. Aite watu, na wamvute aliyeanguka kutoka juu kwa kamba au mti mrefu.

Radi: Kabare na Kampene katika hesabu ya dunia

Utafiti uliotolewa mwaka 2016, uliotegemea vipimo vya satelaiti, uliweka Kabare, katika Kivu ya Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kampene, katika Maniema, ilikuwa ya tatu. Ni zaidi ya miale 200 kwa mwaka katika kila kilomita moja ya mraba ya Kabare.

Hesabu hiyo inafaa kukumbukwa pale radi inapoua mtu na majirani wanapoanza kutafuta aliyeituma. Mahali ambapo radi hupiga kiasi hicho, itawakuta watu shambani, uwanjani na njiani bila kutumwa na yeyote. Wazee wamepigwa na kufukuzwa vijijini kwa tuhuma za namna hiyo, wakati hatari yenyewe ina kinga.

Ngurumo ikisikika, radi iko karibu kiasi cha kumfikia anayeisikia. Mchezo wa mpira usimame, mvuvi arudi ukingoni, motari aegeshe pikipiki. Mti uliosimama peke yake si kimbilio. Nyumba imara au gari lililofungwa vioo ni bora zaidi, na ni vizuri kusubiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini: anaweza kuguswa mara moja, na moyo wake ukiwa umesimama, kumkandamiza kifua bila kuchelewa kunaweza kumrudisha.

Mito: mvua inanyesha kwingine

Alhamisi tarehe 4 mwezi wa tano 2023 ilikuwa siku ya soko huko Nyamukubi, wilayani Kalehe. Mvua kubwa ilinyesha, mito ikashuka kutoka milimani na mawe na miti, na vijiji vya Nyamukubi na Bushushu vikafunikwa. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Miaka mitatu kabla yake, mwezi wa nne 2020, mto Mulongwe ulikuwa umeharibu sehemu kubwa ya Uvira.

Somo kwa msafiri ni kwamba mto hautazami anga lililo juu ya kichwa chake. Mvua hunyesha mlimani, kijijini kukiwa bado kukavu. Maji yakibadilika rangi ghafla na kuwa ya udongo, yakianza kubeba matawi, au ukisikika mngurumo kutoka juu, muda uliobaki ni wa kupanda sehemu ya juu tu, mizigo iachwe. Katika msimu wa mvua, kulala kando ya mto kwa sababu nyumba ya kupanga ni ya bei ndogo ni kununua hatari. Na penye maji yanayokwenda kasi, pikipiki husubiri. Mto wa namna hiyo mara nyingi hushuka baada ya saa chache.

Wanyama: kila mmoja na zamu yake

Katika Hifadhi ya Virunga, viboko walihesabiwa kuwa zaidi ya elfu 25 katika miaka ya 1970. Ujangili umewapunguza sana, lakini waliobaki bado hutembea usiku. Giza likiingia hutoka kula majani, alfajiri hurudi majini. Hatari kubwa ni kusimama kati ya kiboko na maji yake. Katika vijiji vya wavuvi kama Vitshumbi na Kyavinyonge, anayetoka usiku huwasha tochi na hupita barabarani, si kwenye majani ya ukingo.

Kwa gorila, hatari huenda upande wa pili: binadamu ndiye anayemtisha mnyama. Mafua ya kawaida ya mtu yanaweza kuua familia nzima ya gorila. Ndiyo maana katika Virunga na Kahuzi-Biega ziara hufanyika asubuhi pamoja na walinzi, wageni huvaa barakoa, hukaa mbali mita kadhaa, na hawapiti saa moja mbele ya wanyama. Anayekohoa hubaki kituoni, hata kama ameshalipa. Kanuni hiyo inamgusa pia mkaaji wa Kivu, kwa sababu kikohozi cha jirani wa hifadhi hakina tofauti na cha mtalii.

Nyiragongo, ambayo haina saa

Katika orodha hii, volkano peke yake haifuati zamu. Nyiragongo ililipuka tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, jioni, bila wakaaji kuwa wameonywa kuondoka. Goma ina rangi za tahadhari: kijani, njano, machungwa na nyekundu. Anayeingia mjini aulize rangi ya siku, ajue ni njia gani inamtoa, na karatasi zake za maana zikae katika mfuko mmoja.

Kwa mengine yote, saa inajulikana. Tatizo ni kwamba mara nyingi msafiri si mwenye saa yake. Mtumbwi uliotangazwa kuondoka asubuhi husubiri ujae, na huondoka alasiri ukiwa umejaa kupita kiasi. Dereva huvuka mto uliofurika kwa sababu mwenye gari anasubiri pesa ya siku. Kukagua vyombo bandarini, kuweka vibao penye mazuku na kuzuia ujenzi kwenye mikondo ya mito ni kazi ya viongozi, na mashauri ya safari hayaiondoi mabegani mwao.

Lakini kuna uamuzi mmoja unaobaki mkononi mwa msafiri, nao ni kukataa kupanda. Nauli iliyopotea inauma. Ila watu watano wakishuka pamoja kutoka chombo kilichojaa, nahodha huanza kusikiliza, na kesho asubuhi kutakuwa na chombo kingine.