Picha Inayofifia Penye Hofu

Wazee wa Bukiriro na Ngara yote hawajasahau Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja na kupiga kambi Benako. Miongoni mwa walioona maiti zikielea mtoni Kagera wakati ule, wapo ambao miaka mingi baadaye kishindo kidogo tu usiku huwarusha kitandani. Mtu kama huyo akipigwa picha ya ubongo, akaambiwa hakuna kilichoonekana, jamaa humdhania anajisingizia. Tuitazame picha hiyo.

Ndani ya ubongo, kila upande, kuna kinundu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Hicho hushughulika sana na hofu. Watafiti hukichungulia kwa mashine ya MRI, yenye sumaku kubwa. Mwaka 1990 Seiji Ogawa na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba damu iliyopungukiwa oksijeni huvuruga kidogo nguvu ya sumaku. Kwa mvurugo huo hutambulika sehemu ya ubongo iliyo kazini.

Mkasa ni kwamba lozi hiyo ina majirani wabaya: mashimo ya hewa katika mifupa ya uso na ya masikio. Hewa na nyama havipokei sumaku sawasawa, na mpakani mwake huzuka mvurugo unaoumeza ule mdogo wa damu. Picha hutoka na giza pale pale panapotafutwa. Ninyi mnaosikiliza redio mabondeni mnanielewa: stesheni inatangaza, lakini mlima umeikinga.

Mafundi wamejaribu kupiga picha kwa vipande vyembamba zaidi, na kusoma mwangwi wa mashine mapema kabla haujafifia. Lakini kipande chembamba hutoa ishara dhaifu, na ukisoma mapema mno, athari ya damu bado haijajitokeza. Mimi naona lililo bora ni kuusoma mwangwi mara tatu au nne mfululizo, kisha kuunganisha yote.

Hata hivyo, huo ni utafiti. Picha ya kawaida ya hospitali hutafuta uvimbe na damu iliyovuja, haipimi hofu. Kiwewe daktari hukitambua kwa kumsikiliza mgonjwa. Katika makazi ya Nakivale, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba wakimbizi wa Rwanda na Somalia walipata nafuu kwa kuongozwa kusimulia yaliyowapata, na waliowaongoza walikuwa watu wa kawaida waliofundishwa kazi hiyo, bila sumaku yoyote.