PAKA ANAKULA SANA LAKINI ANAKONDA: JE, DAWA ZA KIENYEJI ZITASAIDIA?

Mwezi huu tuongee juu ya paka. Najua wengine watacheka, lakini kila mama anayeweka mahindi na maharage ya mgao ndani ya nyumba anajua panya wanafanya nini kama paka hayupo.

Mwanafunzi wangu mmoja wa P.4 aliniambia, "Teacher, paka wa nyanya anakula kutushinda sisi wote na bado anakonda." Jioni nikaenda kwao. Paka mwenyewe ni mzee, amepita miaka 12. Mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama ovyo, anakunywa maji mengi na usiku analia akizunguka nyumba. Nyanya alikuwa amempa kitunguu saumu siku tatu. Kisha akagusa shingo yake akakuta uvimbe mdogo, akaamua kumtilia chumvi ya madini joto kwenye chakula. Akaniambia, "Mwalimu, kwetu mtu akiwa na rovu anaambiwa ale chumvi ya dukani."

Nyanya hakukosea juu ya watu. Shingoni tuna tezi inayoitwa thairoidi. Inatumia madini joto kutengeneza kitu kinachoongoza mwendo wa mwili. Madini yakikosekana, tezi inavimba ikijaribu kufanya kazi bila vifaa. Hilo ndilo rovu tunalolijua. Mama mjamzito akiyakosa, ubongo wa mtoto tumboni unaumia. Ndio maana Kenya tangu miaka ya 1970, na Uganda tangu miaka ya 1990, zilitaka chumvi ya kula iwekwe madini hayo.

Kumbe kwa paka mzee mambo ni kinyume. Tezi yake haikosi kitu, imeota uvimbe na inafanya kazi kupita kiasi. Mara nyingi uvimbe huo si kansa. Lakini mwili unakimbia mbio kama pikipiki iliyokwama kwenye mafuta: chakula kinaungua, moyo unadunda haraka, nyama inaisha. Madaktari wa Marekani waliueleza ugonjwa huu mwaka 1979, na mpaka leo chanzo chake hakijajulikana vizuri. Kumwongezea chumvi hakumponyi.

JE, KUNA NJIA YA ASILI?

Hakuna mti wala jani lililothibitishwa kuponya ugonjwa huu. Iko njia moja ya chakula: chakula maalum chenye madini joto kidogo sana. Lakini paka lazima ale hicho tu, asionje kingine. Wa kwetu anashika panya na kuiba omena, basi njia hiyo imefungwa. Dawa ya kweli ni vidonge vya kila siku kwa kipimo cha daktari wa mifugo, au upasuaji. Nchi nyingine wanatumia pia madini joto yenye mionzi, hospitalini.

UNACHOWEZA KUFANYA NYUMBANI

1. Kwanza fikiria minyoo, hasa kwa paka mdogo. Muulize daktari wa mifugo dawa ya minyoo. Figo na kisukari pia hukondesha paka mzee, kwa hiyo usikate shauri mwenyewe.
2. Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, na maji safi wakati wote.
3. Mweke kivulini, mbali na kelele na mbwa. Moyo wake umechoka.
4. Mpime kila wiki mbili. Mtie kwenye mfuko, mning'inize kwenye mizani ya sokoni, uandike kilo.

USIMPE: kitunguu maji wala kitunguu saumu, vinaharibu damu ya paka. Panadol ni sumu kwake, hata kipande kinaweza kumuua. Mafuta ya mwarobaini yanaweza kumdhuru. Na usimpe vidonge vya mtu mwenye ugonjwa wa tezi.

Nyanya aliacha kitunguu siku ile ile. Daktari wa mifugo alipokuja Petta kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, tulimpelekea paka. Alikuwa amempa dawa ya minyoo safari iliyotangulia na haikubadilisha kitu. Alimshika shingo, akasikiliza moyo, akasema ni tezi. Vidonge vya kila siku nyanya hawezi kununua. Alisema tu, "Basi nitamlisha mpaka siku yake." Bado yuko, analala karibu na gunia la mahindi, na mjukuu ameanza kumtafuta paka mwingine mdogo wa kujifunza kazi.

Wazazi, jambo la mwisho. Mtoto au mama mwenye uvimbe shingoni apelekwe kliniki, msingoje. Chumvi yenu muiweke kwenye kopo lenye kifuniko, mbali na jua na moshi, na muitie chakula kikikaribia kuiva. Hiyo ni ya watu, si ya paka.

Tuonane mwezi ujao.
Mwalimu wenu wa kujitolea