Gari la Kulala Ndani na Usalama wa Familia

"Kitunze kikutunze" ni usemi wa wahenga unaolifaa sana gari ambalo mchana huwa chombo cha safari na usiku huwa nyumba. Magari ya namna hii yalipata umaarufu huko Ujerumani katika miaka ya 1950, karakana ya Westfalia ilipoanza kutia vitanda na makabati ndani ya magari ya Volkswagen. Hapa Uganda, gari lifaalo kwa kazi hiyo na lipatikanalo kwa urahisi ni Toyota HiAce, lile lile linalobeba abiria kila siku. Viti vya nyuma vikiondolewa, seremala hodari aweza kuweka kitanda cha mbao chenye nafasi ya vyombo chini yake.

Askari apatapo likizo na kuipeleka jamaa yake kutoka Jinja hadi Mbale kwa barabara ya Tirinyi, husafiri kama kilomita 150, akipita Iganga na Namutumba. Mbele ya Mbale barabara hupanda kuelekea Sipi na Kapchorwa, katika miteremko ya Mlima Elgon wenye kimo cha mita 4,321. Safari si ndefu, lakini gari lililobeba kitanda, maji na watoto lahitaji uangalizi.

Kabla ya kuondoka

Upepo wa matairi upimwe asubuhi, yakiwa bado baridi, na uwe kwa kiasi cha mzigo uliopo. Tairi la akiba nalo lisisahauliwe. Maji ya rejeta, mafuta ya injini na mkanda wa feni vikaguliwe. Vitu vizito, kama vile madumu ya maji, vikae chini na kufungwa imara, kwa maana dumu la lita 20 huwa na uzito wa kilo 20, nalo laweza kumuumiza mtoto breki zikifungwa ghafla.

Taa za ndani zafaa ziwe na betri yake peke yake, ili ile ya kuwashia injini isiishiwe nguvu usiku. Betri za kawaida za risasi na asidi huharibika upesi zikitumiwa hadi kwisha kabisa.

Sigiri ni adui ndani ya gari

Usiku wa Sipi una baridi, na hapo ndipo watu wengi hushawishika kuingiza sigiri ndani na kufunga milango. Tendo hilo laweza kuua jamaa nzima. Makaa yawakapo hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushika mahali pa oksijeni katika damu. Aliyelala hazinduki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi, na makaa yaonekanayo kama yamezimika bado hutoa sumu hiyo.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito. Wazionapo, wote watoke nje mara moja na wapelekwe hospitali. Chakula kipikwe nje, na baridi izuiwe kwa mablanketi. Mtungi wa gesi pia ukae nje usiku, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni.

Mahali pa kulala

Gari lisiegeshwe bondeni karibu na mto wakati wa mvua. Mwishoni mwa Julai 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku mjini Mbale na watu wengi wakapoteza maisha. Ni heri kuomba nafasi katika kambi ya wageni yenye mlinzi. Chandarua kitundikwe juu ya kitanda, maana malaria haibagui nyumba ya magurudumu.

Kuteremka mlima

Dereva ateremkapo kutoka Kapchorwa atumie gia ndogo, asikanyage breki mfululizo. Breki zikipata moto kupita kiasi hulegea. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na maji hayo huchemka breki zikipata moto. Kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Jamaa itakayofuata utaratibu huu italala salama, nalo gari litadumu kuwatumikia watoto kwa miaka mingi.