Meli Iliyozama Siku ya Kwanza

Katika mji wa Stockholm, nchini Sweden, ipo nyumba ya makumbusho iliyojengwa kwa ajili ya meli moja. Meli hiyo ni ya mbao. Inaitwa Vasa. Ilikuwa na mizinga 64.

Kabla ya safari, watu 30 walikimbia juu yake, upande huu hadi upande ule. Meli iliyumba mno. Jaribio likasimamishwa. Lakini mfalme alikuwa anaitaka upesi, basi meli haikuzuiwa!

Tarehe 10 Agosti 1628 ilitweka matanga. Haikufika hata kilometa mbili. Upepo uliilaza, maji yakaingia kwenye matundu ya mizinga. Watu wapatao 30 walikufa.

Iliinuliwa mwaka 1961. Mbao zilikuwa bado imara. Bahari ile ina chumvi kidogo, na viumbe wanaotoboa vyombo hawaishi humo.